Pedi moja ya PS4, laptopu, simu na Xbox: ipi inakubalika wapi?

SWALI

Shikamooni. Naandika kutoka Uyole, Mbeya. Nyumbani tuna PS4 Slim, na pedi iliyokuja nayo imeharibika: analogi ya kushoto (kile kijiti cha kidole gumba) inajiendea yenyewe, mchezaji anakimbilia golini kwake bila mtu kumgusa. Nina pia laptopu ya Windows 10 ambayo nachezea gemu za mpira na gemu za zamani za PS2 kwa emyuleta (programu inayoiga mashine ya PS2). Baba akishika rimoti kwa ajili ya taarifa ya habari, nahamia kwenye simu yangu ya Android. Tena kaka yangu anayesoma Iringa anakuja likizo ya Desemba na Xbox Series S yake.

Nilitaka pedi moja ya kuzungukia mashine zote nne. Mwezi uliopita nilinunua Mwanjelwa pedi isiyo na jina la kampuni. Boksi limeandikwa P3, PC, Android, TV, na muuzaji akaniambia inakubali kila kitu. Kwenye PS4 haisomi kabisa. Kwenye laptopu inawaka lakini vitufe vimehama, nikibonyeza pasi inapiga shuti, na gemu nyingine haioni kama kuna pedi. Kwenye simu iko sawa.

Nimebaki na laki moja na nusu. Kuna wanaosema ninunue pedi ya PS5 kwa kuwa ndiyo mpya, itafaa kote. Wengine wanasema ya Xbox. Fundi mmoja wa Kabwe anasema nitafute adapta tu, habari ya pedi nyingine niachane nayo. Nishike lipi? Na nitajuaje kama ninayouziwa si feki, maana siwezi kupoteza hela mara ya pili?

Msomaji, Uyole

JIBU

Marahaba, mdogo wetu. Kabla ya yote, usitupe ile pedi ya PS4 inayojiendea yenyewe. Kama ni orijino, hiyo ndiyo pedi unayoitafuta, na pengine itapona kwa fedha kidogo kuliko ulizotenga. Tutafika huko. Kwanza tuelewane kwa nini ile ya Mwanjelwa imekukatalia, kwa sababu ukilijua hilo hakuna muuzaji atakayekuyumbisha tena.

Mashine za gemu ziko za aina mbili. Kuna zinazopokea pedi yoyote inayojieleza vizuri, na kuna zinazodai kitambulisho. Kompyuta na simu haziulizi kitambulisho. PS4, PS5 na Xbox zinauliza: mashine inatuma swali kwa pedi, na ndani ya pedi lazima kuwe na ufunguo wa siri wa kulijibia. Pedi isiyo na ufunguo huo inaweza kuwaka taa na hata kutetemeka, lakini mashine haitaitii. PS3 ilikuwa mpole zaidi, ilikubali pedi nyingi za USB za kawaida, na ndiyo maana kwenye boksi lako pameandikwa P3. Hiyo ni PS3. Haimaanishi PS yoyote, na muuzaji hakupaswa kukuambia hivyo.

Kwa hiyo pedi ya mashine nyingi huchaguliwa kwa kuanza na mashine inayobagua. Nunua inayokubalika pale pagumu, halafu pale parahisi patajipa penyewe. Wewe ulianza na simu na laptopu, ambazo zingekubali karibu chochote, ukabaki na PS4 mlango umefungwa.

Sasa tupite mashine zako. PS4 inaitaka pedi yake, DualShock 4, au pedi ya kampuni nyingine iliyopewa leseni rasmi ya PS4. Pedi ya PS5, DualSense, haifanyi kazi PS4 ukiiunganisha moja kwa moja, hata kwa waya. Waliokushauri hivyo wanadhani kilichokuja baadaye kinarudi nyuma, na hapa hakirudi. DualShock 4 nayo ukiipeleka PS5 itacheza gemu za PS4 tu. Gemu za PS5 zenyewe zitaikataa. Upande wa Xbox mambo ni mepesi ndani ya ukoo wao: pedi za Xbox One za tangu 2013 zinacheza kwenye Series S, na za Series zinarudi hadi Xbox One. Lakini ukoo huo haukubaliki PS4, na wa PS haukubaliki Xbox. Hakuna pedi ya kawaida unayoweza kuitoa PS4 na kuiweka Xbox bila kitu katikati, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo mwambie akuchomekee kwenye mashine zote mbili uone kabla hujatoa hela.

Hicho kitu cha katikati ndiyo adapta ya fundi wako wa Kabwe. Adapta za kweli zipo, na zinafanya kazi kwa kujifanya pedi halali. Tatizo lake ni kwamba wenye mashine wanaweza kuzifungia wakati wowote kwa sasisho. Novemba 2023 Microsoft walianza kuzuia vifaa visivyoidhinishwa kwenye Xbox. Mtu anachomeka kitu kilichokuwa kikifanya kazi juzi, skrini inamletea kosa namba 0x82d60002, basi. Kwa laki moja na nusu, fedha yako isiende kwenye kitu ambacho uhai wake uko mikononi mwa mwingine. Kaka yako anakuja na Xbox yake, na Series S huuzwa na pedi ndani ya boksi. Aje nayo. Hiyo pedi yake, kwa jinsi ilivyo, itacheza vizuri mno kwenye laptopu yako na simu pia, kwa hiyo Desemba mtakuwa na pedi mbili nzuri za kuchezea laptopu.

Turudi kwenye pedi yako mbovu. Ndani ya kila analogi kuna vipimo viwili vidogo, kimoja cha kushoto na kulia, kingine cha juu na chini. Ndani ya kila kipimo kuna ukanda wa kaboni na ulimi mdogo wa chuma unaoteleza juu yake. Ukicheza mpira kwa mwaka au miwili, ulimi unakwangua kaboni, hasa pale katikati na pale unaposukuma kwa kukimbia. Vumbi la kaboni likijikusanya, au ukanda ukilika, pedi inaanza kusoma kwamba unasukuma wakati hujasukuma. Vumbi la kiangazi letu, hasa miezi ya Juni hadi Oktoba barabara za ndani zikikauka, linaongeza shida, kwa sababu linaingia kwenye uwazi unaozunguka shingo ya analogi.

Anza kwa kupima. Chomeka pedi kwenye laptopu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, fungua, chagua pedi kisha sifa zake. Utaona kisanduku chenye alama ya msalaba. Sukuma analogi ya kushoto polepole hadi mwisho kila upande, iachie, tazama. Msalaba ukirudi katikati na kutulia, pedi ni nzima. Ukirudi karibu na katikati lakini ukawa unatetemeka, mara nyingi ni uchafu. Ukiganda pembeni, au ukiruka ghafla sehemu ileile kila unapopita, ukanda umelika na usafi hautausaidia kwa muda mrefu.

Kama ni uchafu, tafuta spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Sanitaiza haifai, ina maji na vilainishi vinavyobaki ndani. Manukato na mafuta ya kulainishia bawaba vilevile hapana. Zima pedi, chomoa waya, inamisha analogi upande mmoja, dondosha matone mawili au matatu kwenye uwazi wa shingoni, izungushe kwa nusu dakika, rudia upande wa pili. Iache wazi nusu saa kabla ya kuwasha. Ikipona wiki mbili halafu ikarudia, ujue kaboni imekwisha.

Hapo ni kazi ya fundi wa simu anayejua kuchomelea kwa risasi, na Mwanjelwa na Kabwe hawakosekani. Analogi nzima ya DualShock 4 hubadilishwa kama kipande kimoja, na imeshikwa kwenye bodi kwa nukta 14 za risasi. Ndiyo maana tunasisitiza fundi awe na pampu ya kunyonyea risasi au waya wa kufyonzea: anayeng'oa kwa kulazimisha huku akipasha moto hung'oa na njia za shaba za bodi, na pedi inakuwa imekufa kweli. Mwambie achomoe betri kabla ya kugusa bodi. Akikupa chaguo la analogi za sumaku, ambazo hazina ukanda wa kulika kwa kuwa zinasoma kwa kipimo cha usumaku, ni nzuri na zinadumu, lakini muulize kwanza kama anajua kuipimisha pedi upya kwa programu baada ya kuzifunga. Bila hatua hiyo msalaba wako hautakaa katikati hata kama kifaa ni kipya. Kama hajui, chukua analogi ya kawaida, itakufaa.

Ukiamua kununua badala ya kutengeneza, au bodi ikigundulika imekwisha, nunua DualShock 4. Iliyotumika lakini orijino ni bora kuliko feki mpya. Ile iliyotoka na PS4 Slim mwaka 2016 ina namba ya modeli inayoanzia CUH-ZCT2 kwenye lebo ya nyuma, na taa yake inaonekana pia kama mstari mwembamba juu ya kile kibao cha kugusa. Usiishie kusoma lebo, maana lebo ni kitu rahisi kuiga. Nenda dukani na laptopu yako na waya wako, na fanya hivi mbele ya muuzaji. Pima analogi zote mbili kwa joy.cpl. Chomeka spika za masikioni kwenye tundu la chini, pedi ikiwa imeunganishwa PS4 ya dukani, usikilize kama sauti inatoka. Telezesha kidole kwenye kibao cha kugusa: feki nyingi hubonyezeka tu, hazifuati kidole. Inamishainamisha pedi ukiwa umefungua ukurasa wa majaribio wa pedi kwenye Steam (programu ya kununulia na kuchezea gemu kwenye kompyuta), uone kama inasoma mwelekeo. Halafu ipime kwenye mizani. Orijino ina takriban gramu 210, na ikiwa nyepesi sana kuliko hapo, kuna kitu kimepunguzwa, mara nyingi betri. Betri ya orijino ni ya mAh 1000.

Muuzaji asiyetaka uchomeke laptopu, ondoka. Soko ni kubwa.

Waya nao ni jambo, na hapa watu wengi hukwama bila kujua. DualShock 4 inatumia tundu la micro-USB, lile la simu za zamani, kwa hiyo kila mtu ana waya wa namna hiyo nyumbani. Lakini nyaya nyingi za chaji za bei ndogo zina nyuzi mbili tu ndani, za umeme. Za data hazimo. Ukiutumia waya huo pedi inachaji vizuri, taa ya machungwa inawaka, na PS4 haiioni hata ubonyeze hadi kesho. Jaribu waya kwa simu yenye tundu hilohilo: iunganishe na laptopu, simu ikikuuliza kama unataka kuhamisha mafaili, waya una data. Isipouliza, huo ni wa chaji. Ukinunua mpya, wa mita 2 au 3 utakuruhusu kukaa mbali na TV umeme wa pedi ukiisha katikati ya mechi.

Sasa namna ya kuhama kutoka mashine moja hadi nyingine bila kero. DualShock 4 inakumbuka mashine moja tu kwa Bluetooth. Ukiioanisha na simu, imeisahau PS4, na ukiirudisha sebuleni hutaipata mpaka uichomeke kwa waya na kubonyeza kitufe cha PS. Kwa hiyo gawa kazi: PS4 iwe ya Bluetooth, laptopu iwe ya waya siku zote. Kwa waya laptopu haigusi ile kumbukumbu, na mwitikio unakuwa wa haraka zaidi. Tahadhari moja, ukiwa umechomeka kwenye laptopu usibonyeze kitufe cha PS, maana kama PS4 imelala chumba cha pili inaweza kuamka. Kwa simu, bonyeza kitufe cha Share na cha PS kwa pamoja hadi taa ianze kupepesa haraka, kisha kwenye orodha ya Bluetooth chagua Wireless Controller. Simu iwe na Android 10 au zaidi. Pedi ikigoma kuoanishwa kokote, nyuma karibu na L2 kuna tundu dogo. Ingiza pini, shikilia sekunde 5, anza upya.

Kwenye simu kumbuka pia kwamba kuunganishwa hakutoshi. Gemu yenyewe lazima iwe imetengenezwa kukubali pedi. Kama iliundwa kwa vidole tu, pedi itazunguka kwenye menyu ya simu na ndani ya gemu itakuwa bubu.

Laptopu ndiyo yenye hadithi ndefu kidogo, na hapa ndipo vitufe vyako vilipohama. Gemu nyingi za Windows zilizotoka baada ya Xbox 360 zinategemea lugha moja ya pedi inayoitwa XInput, ambayo ni ya Microsoft. Pedi za Xbox zinaisema tangu kuzaliwa. Ile ya Mwanjelwa, kwa dalili ulizotoa, inasema lugha ya zamani, DirectInput, ambako kila kiwanda kinapanga namba za vitufe kinavyopenda. Ndiyo maana pasi inageuka shuti, na gemu isiyojua lugha hiyo haioni kitu. DualShock 4 nayo haisemi XInput, ila ina wakalimani wazuri. Ukiwa na Steam, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya vidhibiti, ruhusu pedi za PlayStation. Gemu usiyoinunua Steam unaweza kuiongeza kwenye maktaba yake na kuifungulia humohumo, na mkalimani atafanya kazi. Usipotumia Steam, kuna programu ya bure ya DS4Windows inayoifanya pedi ionekane kama ya Xbox 360.

Usiwashe vyote viwili kwa pamoja. Ukifanya hivyo gemu inaona pedi mbili, ile halisi na ile ya kuigiza, na kila unachobonyeza kinahesabiwa mara mbili: kwenye menyu unashuka hatua mbili badala ya moja, na ukisimamisha mechi inaanza tena papo hapo. Watu hudhani pedi ni mbovu na kuirudisha dukani wakati kosa liko kwenye mipangilio. Emyuleta ya PCSX2 haihitaji mkalimani wowote. Kwenye mipangilio ya pedi chagua chanzo cha SDL, kisha tumia upangaji wa moja kwa moja, vitufe vitajipanga vyenyewe kama vya PS2.

Neno kwa wasomaji wengine wasio na PS4 wala Xbox, wenye laptopu na simu tu. Ninyi hamna mashine inayobagua, kwa hiyo msilipie kitambulisho msichokihitaji. Tafuteni pedi yenye swichi ya lugha. Mfano ni 8BitDo Pro 2, ambayo nyuma ina swichi yenye herufi S, A, D na X: S ni ya Nintendo Switch, A ya vifaa vya Apple, D ya Android, X ya Windows. Unasogeza kidole, pedi inabadili lugha. PS4 na Xbox haiingii, kwa sababu ileile tuliyoeleza.

Mdogo wetu, kwa hela yako mpangilio uwe hivi. Kwanza safisha analogi. Isipokaa, ipeleke pedi orijino kwa fundi na ununue waya wa data. Ikishindikana ndipo utafute DualShock 4 iliyotumika na uipime kama tulivyosema. Ile ya Mwanjelwa bado ina kazi. Pedi nyingi za namna hiyo zina kitufe cha Home, Mode au Analog katikati. Ukikishikilia kwa sekunde 5 hivi ikiwa imechomekwa kwenye laptopu, taa zinabadilika mpangilio na inahamia XInput. Jaribu hivyo, kisha fungua joy.cpl uone kama jina lake limegeuka kuwa la pedi ya Xbox 360. Likigeuka, pasi itarudi kuwa pasi, na utakuwa na pedi ya mchezaji wa pili.